Kanga Ilikuwa Imefunikwa Kinyume: Nimwekeeje Mwanangu Mipaka ya Intaneti?

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mama wa watoto wawili, ninaishi Ngamiani hapa Tanga, na kwa miaka mitatu sasa nimekuwa nikiendesha kazi ndogo ya steshenari katika chumba cha mbele cha nyumba yetu. Ninachapa barua za maombi ya kazi, mihtasari ya vikao vya vikundi vya akina mama, mikataba ya kupangisha nyumba na hata karatasi za mirathi, na kwa ajili hiyo nina kompyuta moja ya mezani yenye Windows 10 niliyoinunua ikiwa imekwisha kutumika, printa, na ruta ya intaneti ninayoilipia kila mwezi. Mume wangu ni baharia. Huwa nyumbani miezi miwili au mitatu katika mwaka, na muda mwingine wote malezi yamo mikononi mwangu na mwa mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye. Mwanangu wa kwanza ni mvulana wa miaka 14, yuko kidato cha pili. Wa pili ni msichana wa miaka 9. Tunaye pia kijana wa wifi yangu mwenye miaka 17, aliyemaliza kidato cha nne na anayesubiri matokeo.

Usiku nikimaliza kazi huifunika kompyuta kwa kanga kuukuu ili isiingie vumbi, na kwa mazoea tu huiweka kanga hiyo jina lake likiwa mbele, linasomeka na mtu aliyekaa kitini. Mwezi uliopita, asubuhi moja nilipoingia kuanza kazi, niliikuta imefunikwa kinyume, maandishi yamepinduka juu chini. Nilidhani mama mkwe alikuwa amefagia, kwa hiyo sikulitilia maanani. Siku ya tatu ikawa vilevile, na siku hiyohiyo LUKU, ambayo kwa kawaida hunifikisha mwisho wa mwezi, ikaanza kulia tarehe 19. Usiku wake niliamka saa 8, nikamkuta mwanangu amekaa gizani, taa imezimwa, feni imezimwa kwa joto lote lile ili isisikike, na uso wake unang'aa kwa mwanga wa skrini. Sitaandika yote niliyoyaona. Yatosha kusema kwamba yalikuwa mambo ya watu wazima, na katika dirisha jingine kulikuwa na tovuti ya kubeti, mkeka umekwisha kuandaliwa, timu sita.

Mwalimu, nilimpiga kofi. Nilipaza sauti hata majirani wa uani wakaamka, na mama mkwe akatoka akidhani tumeingiliwa na mwizi. Kesho yake nilimwita fundi, akaniwekea kichujio kwenye kivinjari, ile programu ya kufungulia tovuti, kwa shilingi 40,000, akaniambia nilale usingizi. Wiki ya kwanza nililala kweli. Ya pili, mwanangu akaja kulalamika kwamba ukurasa wa magonjwa ya zinaa, ambao mwalimu wao wa Biolojia aliwataka wausome, umefungwa; nikamwambia anatafuta visingizio, kisha nikafungua mwenyewe nikaona ni kweli umefungwa. Siku chache baadaye yule kijana wa wifi yangu, huku akicheka, akanionesha kwamba ukifungua dirisha la faragha, lile lisilohifadhi kumbukumbu za ulikopita, kichujio hakifanyi kazi kabisa. Alibonyeza vitufe vitatu kwa pamoja, basi. Nilijiona nimefanywa mjinga nyumbani mwangu.

Mume wangu akipiga simu ananiambia nikate intaneti au niuze kompyuta, lakini ada za watoto zinatoka kwenye kompyuta hiyohiyo. Rafiki yangu mmoja amenishauri ninunue programu ya siri inayorekodi kila herufi inayobonyezwa na kuituma kwenye simu yangu, watoto wasijue. Nilikaribia kuilipia. Kilichonizuia ni neno alilolisema mwanangu, bila ujeuri, baada ya siku kadhaa za kutozungumza: "Mama, humu sote tunaingia kwa jina moja. Umejuaje kila siku ni mimi?" Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Nifanye nini?

Mama wa Wawili na Nusu, Ngamiani, Tanga

*

Marahaba, mama, na pole kwa usiku ule.

Nimeisoma barua yako mara mbili, na kila mara nimesimama palepale ulipomalizia. Swali la mwanao si la ukaidi. Kwa kujua au kwa kutojua, amekuonesha kasoro ambayo fundi wako aliipita bila kuiona: kompyuta yenu ina mlango mmoja, hauna ufunguo, na anayeingia hupewa mamlaka yote ya mwenye nyumba. Ulipoinunua ikiwa imetumika, bila shaka uliikuta na akaunti moja tu, na akaunti ya kwanza katika Windows huwa ni ya msimamizi, yaani ile inayoruhusiwa kuweka na kuondoa programu, kubadilisha saa, kubadilisha mipangilio ya mtandao na kufuta nyayo. Mtoto wa miaka 14 anayeingia kwa akaunti ya namna hiyo hahitaji ujanja wowote ili akiondoe kichujio, kwa kuwa mashine yenyewe inamtambua kuwa ndiye mwenye mali.

Kwa hiyo kazi ya kwanza haigharimu shilingi hata moja, na ningependa uifanye mwenyewe, si fundi. Fungua mipangilio ya Windows, ingia sehemu ya akaunti, kisha sehemu ya familia na watumiaji wengine. Akaunti iliyopo sasa, yenye kazi za wateja wako, iache iwe yako na uipe neno la siri. Na neno hilo lisiwe mwaka uliozaliwa wala namba ya simu ya baba yao, maana hayo ndiyo watoto huyajaribu kwanza. Halafu fungua akaunti tatu mpya za kawaida, moja ya mwanao, moja ya binti yako, moja ya kijana wa wifi yako, kila mmoja na jina lake na neno lake la siri. Mwenye akaunti ya kawaida anaweza kusoma, kuandika, kuchapa na kuperuzi, lakini akitaka kuweka programu ya kubadilisha mashine yote, au kugusa mipangilio ya mtandao, kompyuta itamwomba neno la siri la msimamizi. Si ukuta usiopitika, kwa sababu zipo programu, vivinjari vikiwemo, ambazo hujiweka ndani ya akaunti ya mtumiaji bila kuomba ruhusa, ila kuanzia siku hiyo kila mtu atakuwa na jina lake, na utakapouliza "nani?" utakuwa na haki ya kuuliza.

Kuna sababu ya pili ya kutenganisha akaunti, na hii unaweza kuitaja mbele ya watoto wote bila kumwaibisha yeyote. Katika kompyuta hiyo zimo nakala za vitambulisho vya watu, vyeti vyao na mambo yao ya mirathi. Tangu tarehe 1 Mei 2023 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inayofanya kazi, na mtu aliyekuletea karatasi ya marehemu baba yake umchapie hakutarajia kijana wa kidato cha pili awe na uwezo wa kuifungua saa 8 usiku. Wateja wako peke yao ni sababu tosha, hata kama usingekuwa na mtoto.

Sasa nije kwa kichujio cha shilingi 40,000. Alichokuwekea fundi, kwa jinsi ulivyoeleza, ni kiongezi cha kivinjari, yaani kiprogramu kinachopachikwa ndani yake, na viongezi vya namna hiyo kwa kawaida havifanyi kazi katika dirisha la faragha mpaka mtu aviruhusu kwa makusudi. Tena hukaa katika kivinjari kimoja tu. Ukifungua kingine ni kama hakijawahi kuwepo. Vingi hupatikana bure, lakini hilo tuliache. Usijione mjinga, mama. Mimi nilifundisha miaka mingi, na katika chumba cha kompyuta cha shule moja niliwahi kufunga tovuti kadhaa kwa mkono, moja baada ya nyingine, nikajipongeza. Haikupita wiki, wanafunzi wakawa wanazifungua tovuti zilezile kwa kuzipitisha ndani ya ukurasa wa kutafsiri wa Google, ambao mimi mwenyewe nilikuwa nimeuruhusu kwa ajili ya somo la Kiingereza.

Kuhusu ukurasa wa Biolojia uliofungwa, mwanao alisema kweli na unapaswa kumwambia hivyo. Vichujio vinavyotazama maneno havijui tofauti ya daktari na mhuni. Mwaka 1996 kampuni ya huduma za intaneti ya AOL iliwakatalia wakazi wa mji wa Scunthorpe, Uingereza, kufungua akaunti zake, kwa sababu tu ndani ya jina la mji huo mna herufi nne zinazofuatana na kutengeneza tusi la Kiingereza. Miaka mingi imepita, lakini kasoro hiyo haijakwisha, na kwetu sisi ina upande wa pili: kichujio kilichofundishwa matusi ya Kiingereza kitamzuia mtoto asisome juu ya kaswende, kisha kitaruhusu ukurasa wa Kiswahili ambao wewe na mimi tungeona haya kuusoma mbele ya mama mkwe wako.

Kwa nyumba kama yako, njia iliyo bora kuliko kiongezi ni kichujio cha DNS, na nitakieleza kwa mfano wa hapohapo Ngamiani. Mgeni akishuka na kuulizia nyumba ya fulani, watu wa kijiweni humwambia barabara ya ngapi na nyumba ya ngapi, naye huenda moja kwa moja. DNS ndiyo hao watu wa kijiweni: kompyuta huiuliza jina la tovuti, nayo hujibu namba. Ukibadilisha wa kuulizwa, ukamweka asiyekubali kuelekeza watu kwenye nyumba mbaya, vifaa vyote vya nyumbani vinavyopitia ruta yako vitapata jibu hilohilo, iwe dirisha ni la faragha au la wazi. Kampuni ya Cloudflare ina huduma ya bure ya aina hii tangu mwaka 2020. Anwani zake ni 1.1.1.3 na 1.0.0.3, na hufunga tovuti zenye programu hasidi, yaani za kudhuru kompyuta, pamoja na za ngono. CleanBrowsing nao wana ya familia, 185.228.168.168 na 185.228.169.168, ambayo ni kali zaidi: hufunga pia njia nyingi za kuzungukia kichujio, na huilazimisha Google na YouTube kufanya kazi katika hali yake ya usalama. Anwani hizi huandikwa katika mipangilio ya ruta. Ikiwa ruta uliyopewa hairuhusu, ziandike katika mipangilio ya mtandao ya kompyuta yenyewe, ambayo sasa watoto hawataweza kuigusa kwa kuwa hawana akaunti ya msimamizi. Ruta nayo ibadilishie neno la siri la kuingilia kwenye mipangilio yake, kwani lile la kiwandani mara nyingi limeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa chini yake, na hakuna mtoto asiyejua kupindua ruta.

Mambo matatu uyajue kabla hujalala usingizi tena. DNS hufunga au hufungua tovuti nzima, haichagui ukurasa. Kisha vivinjari vya siku hizi vina uwezo wa kuuliza DNS yao wenyewe kwa njia iliyofichwa, bila kupita kwa mtu uliyemweka. Zima uwezo huo katika mipangilio ya kila kivinjari, na ukague mara mojamoja kama bado umezimwa. La tatu, mtoto akiwasha intaneti kutoka kwenye simu ya binamu yake, ruta yako haihusiki tena. Ndiyo maana sikuanza na vichujio.

Kuhusu muda, Windows inayo huduma ya usalama wa familia ya Microsoft, ambayo ni bure. Utahitaji kumfungulia mwanao akaunti ya Microsoft iliyo chini yako, na kutoka kwenye simu utaweza kupanga saa za kila siku, kuona ripoti ya wiki, na kukubali au kukataa anapoomba muda wa ziada. Kichujio chake cha tovuti hufanya kazi ndani ya kivinjari cha Edge na huvizuia vile vingine vinavyojulikana sana, kwa hiyo usishangae Chrome ikikataa kufunguka katika akaunti yake. Katika kupanga saa, angalia sana hesabu yetu ya Kiswahili. Mzazi mmoja niliyemsaidia alitaka kompyuta ijifunge saa 3 usiku, akaandika 3. Mashine ikamwelewa kwa saa zake yenyewe, ikawa inajifunga saa 9 usiku, na kijana wake alimshukuru Mungu kimyakimya kwa mwezi mzima. Saa 3 usiku ni 21:00. Kwa mvulana wa kidato cha pili mwenye masomo, ningeanza na saa 11 jioni hadi saa 2 usiku siku za shule, na zaidi kidogo Jumamosi na Jumapili, lakini haya mtayaafikiana ninyi.

Programu ya siri inayorekodi kila herufi, usiinunue. Nasema hivyo bila kusitasita, ingawa najua wapo wazazi wenye nia njema wanaoitumia. Programu hiyo haibagui: itarekodi pia neno lako la siri la barua pepe, la benki, na kila unachomchapia mteja, kisha itayapeleka kwenye kompyuta za watu usiowajua. Zaidi ya hapo, Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unamtambulia mtoto haki ya faragha katika kifungu cha 16, na kifungu kinachofuata kinataka apate taarifa zenye manufaa huku akilindwa dhidi ya zinazomdhuru. Yaani kumlinda na kumwachia asome vyote vimo humohumo, na mzazi hutakiwi kuchagua kimoja. Tofauti kati ya ripoti ya wiki na programu ya siri ni kwamba ripoti unaweza kumwambia: "Kila Jumapili nitapata karatasi ya mambo uliyoyafungua, tutaitazama pamoja." Siku atakapogundua kuwa ulikuwa ukimrekodi kwa siri, na watoto hugundua, hatakuja tena kukuambia kwamba ukurasa wa Biolojia umefungwa. Atatafuta njia yake.

Na kukata intaneti? Namwelewa mume wako. Mtu aliye baharini hana cha kushika ila amri. Mwambie, kwa heshima, kwamba ukiuza kompyuta leo, kesho mwanao atakuwa kwa jirani mwenye simu, mahali ambapo hakuna kanga wala LUKU ya kukustua. Tena intaneti hiyohiyo ndiyo inayomfikisha kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania na kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani. Kama mnataka saa za kusoma zisizo na mtandao kabisa, jambo hilo linawezekana bila ugomvi: programu ya bure iitwayo Kiwix huhifadhi Wikipedia ndani ya kompyuta, ya Kiswahili na ya Kiingereza, ukaisoma ruta ikiwa imezimwa, na Kolibri hufanya vivyo hivyo kwa masomo ya hisabati na sayansi. Ipakue usiku mmoja wenye kifurushi kizuri, maana ile ya Kiingereza ni kubwa sana ukiichukua nzima pamoja na picha zake; iliyo bila picha yatosha kuanzia.

Kubeti kumenitia wasiwasi kuliko yale mengine, na katika barua yako umekupitia haraka. Yale mengine yana aibu, na aibu yenyewe humfanya kijana ajifiche. Kubeti hakuna aibu mtaani, kunazungumzwa barazani kama mpira wenyewe. Kisheria hakuna anayeruhusiwa kubeti nchini kabla ya kutimiza miaka 18, na hilo linamhusu mwanao pamoja na huyo binamu yake wa miaka 17 anayecheka. Mkeka haulipwi kwa hewa. Ulilipwa kwa simu ya nani, na kwa laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha nani? Anza na simu yako mwenyewe: tazama miamala ya usiku ya miezi miwili iliyopita kabla hujamwuliza mtu yeyote. Kichujio cha DNS cha Cloudflare kazi yake si kubeti, usikitegemee hapo. Tovuti hizo utazizuia moja moja katika huduma ya Microsoft, au katika ruta kama inaruhusu. Na kijana wa wifi yako mwite peke yake, umwambie kwamba aliyekuonesha kasoro ya kichujio amekusaidia, na kwamba kuanzia sasa unataka msaada huo aulete kabla mdogo wake hajaujua. Kijana anayesubiri matokeo bila kazi anahitaji shughuli. Mpe saa mbili za asubuhi akusaidie kuchapa, kwa ujira mdogo; atajua kibodi ni ya kazi.

Binti yako ni jambo jepesi zaidi, ingawa ndiye anayehitaji mipaka mikali. Kwa huduma hiyohiyo ya Microsoft, akaunti yake iwe na orodha fupi ya tovuti mlizozichagua pamoja, nyingine zote zifungwe, na katuni azitazame YouTube Kids mchana ukiwa chumbani humo unafanya kazi. Mwambie kwa maneno ya umri wake kwamba mtu yeyote atakayemwomba picha au kumwambia "usimwambie mama", ndiye wa kuambiwa mama kwanza. Ikitokea jambo la namna hiyo, usifute ujumbe na usiusambaze kwa mtu. Piga 116, namba ya bure ya huduma ya simu kwa mtoto, au nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi.

Kuhusu Windows 10, fupi tu: masasisho ya kawaida ya usalama yaliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa mtu anayetunza karatasi za watu, panga mapema ama kujiandikisha kwenye masasisho ya muda wa ziada, ama kuhamia toleo jipya kama mashine inalimudu.

Sasa kofi. Hukuniuliza juu yake, lakini umeliandika, na mtu haandiki asichokijutia. Kabla hujagusa mipangilio yoyote, mwite mwanao wakati mama mkwe na binamu hawapo, umwambie mambo mawili: kwamba ulikosea kumpigia kelele mbele ya watu, na kwamba kuhusu Biolojia alisema kweli ukamkatalia. Kisha umjibu swali lake, kwa sababu alikuuliza kwa adabu na hajajibiwa. Mwambie hukujua kama kila siku alikuwa yeye, na kwamba ndiyo maana kila mtu sasa atapata jina lake. Yale mambo ya watu wazima usiyapite kana kwamba hayakuwepo; kijana wa miaka 14 ana maswali ya mwili wake, na kama wewe unaona uzito, mpe simu azungumze na baba yake, baba akiwa amekwisha kuambiwa na wewe kwamba amri ya kuuza kompyuta imefutwa. Au mwombe mjomba. Pwani hatukuwahi kuwaachia wazazi peke yao kazi hii.

Kompyuta yenyewe igeuze, skrini itazame mlango wa sebuleni badala ya ukuta, ili anayepita na ndoo ya maji aione. Kaeni wote wanne mbele yake Jumamosi jioni mkiandika akaunti, na kila mmoja achague jina lake na picha yake. Binti ataipenda sana shughuli hiyo, na mwanao, nadhani, atakuwa ndiye wa kukuonesha ulipo ukurasa wa mipangilio. Mwache akuoneshe. Ila neno la siri la msimamizi uliandike peke yako, kwenye kipande cha karatasi, na usilifiche chini ya kibodi kama wateja wako wanavyofanya. Mpe mama mkwe alifunge kwenye pindo la kanga yake au alitie katika sanduku lake. Yeye hana haja nalo, na siku utakapolisahau utajua pa kuuliza.